Ramsey Lewis au Herbie Hancock: uanze na nani ukitaka jazi yenye soul na fanki

Ukimuuliza mpenzi yeyote wa jazi pa kuanzia kama unataka ile yenye soul na fanki ndani yake, ile ya kutingisha kichwa, atakutajia wapiga piano wawili wa Kimarekani, Ramsey Lewis na Herbie Hancock, afu atakwambia wasikilize wote. Sawa, wote wakali, ila mtu ana bando lake la wiki na ana jioni moja tu, anataka kujua abonyeze nini kwanza, na hawa jamaa ukiwaingilia bila kuelekezwa unaweza kabisa kudondokea albamu ambayo sio uliyokuwa unaitafuta, ukaisusa jazi nzima kwa sababu ya rekodi moja.

Nalitoa jibu langu mapema ili mwenye haraka aondoke nalo. Kama unataka wimbo mmoja tu, weka "Sun Goddess" ya Ramsey Lewis ya 1974. Kama unataka albamu nzima ya kukaa nayo, weka Head Hunters ya Herbie Hancock ya 1973. Na kama wewe umekulia kwenye kwaya, sikio lako linafuata sauti kabla halijafuata ngoma, anza na Ramsey hata kama watu wote wanakusukumia Herbie. Sababu ni hii: kwa Ramsey piano ndo mwimbaji, anakaa juu ya bendi anaimba. Kwa Herbie wa 1973 kibodi ni sehemu ya mdundo wenyewe, iko chini na drams na besi, inachimba. Ukishalielewa hilo unajichagulia mwenyewe bila mtu kukusimamia.

Tuanze na wanakotoka maana inaeleza mengi. Wote wamezaliwa Chicago, Ramsey 1935 na Herbie 1940, wote wamefundishwa piano ya classical wakiwa watoto. Herbie akiwa na miaka 11 alipiga konsato ya Mozart na Chicago Symphony Orchestra, hebu fikiria mtoto wa darasa la tano. Ramsey baba yake alikuwa anaongoza kwaya ya kanisa na yeye mwenyewe alianza kupiga kanisani mapema sana, na kwa maoni yangu huyo Ramsey hakuwahi kutoka kanisani kwenye vidole vyake mpaka anafariki 2022. Ile namna ya kugonga kodi kwa mikono yote miwili afu anaiachia kidogo watu waitikie, hiyo ni ibada ya Jumapili kabisa, hata kama yuko klabu na watu wana glasi mkononi.

Tofauti inaanza wanapokuwa vijana. Ramsey alibaki Chicago maisha yake yote, akaunda trio, yaani bendi ya watu watatu, na Eldee Young kwenye besi na Redd Holt kwenye drams, wakatoa albamu ya kwanza 1956 kwa lebo ya Argo iliyokuwa chini ya Chess, ndo hao hao Chess wa Muddy Waters na Chuck Berry. Herbie akaenda chuo Iowa, Grinnell, akaanza na uhandisi kabla ya kuhamia muziki, afu mpiga tarumbeta Donald Byrd akamchukua kwenda New York, 1962 akatoa albamu yake ya kwanza kwa lebo ya Blue Note yenye "Watermelon Man", na 1963 Miles Davis, gwiji wa tarumbeta ya jazi, akamchukua kwenye bendi yake. Kwa hiyo mmoja kalelewa na watu wa klabu waliotoka kazini wanataka kufurahi, mwingine kalelewa na wanamuziki wenyewe kwa wenyewe wanaopimana usiku kucha. Na ule uhandisi wa Herbie usiudharau, ndo maana sinthesaiza, zile kibodi zinazotengeneza sauti kwa umeme, zilipokuja yeye hakuziogopa, alizifungua kujua zinafanyaje kazi.

Sasa kabla ya miaka ya 70 Ramsey alikuwa mbele sana kwa umaarufu, na hapa watu wengi wanamnyima haki yake. Mei 1965 trio yake walikuwa wanarekodi laivu kwenye klabu ya Bohemian Caverns, Washington, wakawa wanatafuta wimbo mmoja mwepesi wa kuwachangamsha watu, mhudumu wa mgahawa akawaonyesha "The 'In' Crowd" ya Dobie Gray kwenye jukiboksi, wakajifunza hapo hapo wakaupiga. Single ikafika namba 5 kwenye chati ya Billboard Hot 100, albamu ikafika namba 2, wakachukua Grammy. Jazi ya piano, besi na drams tu, hakuna mwimbaji hata mmoja, iko juu kwenye chati kipindi cha Beatles na Motown. Ukiisikiliza utasikia watu wanapiga makofi kwenye pigo la pili na la nne bila kuambiwa, kuna mtu anaguna, kuna mwingine anapiga kelele Ramsey akirudia kile kipande chake, na kila wakipiga kelele anawapa tena kidogo afu anawanyima. Kwa mtu anayedhani jazi ni muziki wa watu wanaokaa kimya hiyo rekodi inatosha kumbadilisha. Na kwenye albamu hiyohiyo kuna "Come Sunday" ya Duke Ellington, taratibu, kwa wale wa nyimbo za injili anzeni hapo kabisa.

Mwaka unaofuata, 1966, Young na Holt wakajitoa wakaanzisha kundi lao. Ramsey akamchukua Cleveland Eaton kwenye besi, na kwenye drams akamchukua kijana aliyekuwa anapiga kwenye studio za Chess anaitwa Maurice White. Ndiyo, yule yule aliyekuja kuanzisha bendi kubwa ya soul na fanki, Earth, Wind & Fire. Wakatoa "Wade in the Water", wimbo wa kiroho wa tangu enzi za utumwa, wameuwekea matarumbeta juu, na hapo tayari unasikia soul inaingia mzima mzima. Ni kipindi hiki akiwa na Ramsey ndo Maurice alianza kupiga kalimba jukwaani, ile ya kupigwa kwa vidole gumba, ndugu yake ilimba ya Wagogo wa Dodoma, na kwenye albamu ya Ramsey ya 1969, Another Voyage, kuna kipande cha Maurice cha kalimba kinaitwa "Uhuru". Sio kipande kirefu, ila ukishakisikia utaelewa kwa nini Earth, Wind & Fire baadaye walikuwa na ile sauti yao, mbegu ilipandwa kwenye trio ya mpiga piano wa jazi.

Hapo niseme jambo kwa sisi wa Kiswahili maana najua wengi watavutwa na majina. Mwisho wa miaka ya 60 Wamarekani weusi wengi walikuwa wanajifunza Kiswahili na kujipa majina ya Kiswahili, na wanamuziki wa jazi walikuwemo. Bendi ya Herbie ya watu sita kila mtu alipewa jina, na aliyewapa ni mwanamuziki mwenzao James Mtume: Herbie akawa Mwandishi, Buster Williams wa besi akawa Mchezaji, Billy Hart wa drams akawa Jabali, Bennie Maupin akawa Mwile, Julian Priester wa tromboni akawa Pepo Mtoto, na Eddie Henderson wa tarumbeta akawa Mganga, naye kweli alikuwa daktari aliyesomea. Albamu yao ya 1971 inaitwa Mwandishi. Ramsey naye 1972 akatoa Upendo Ni Pamoja. Sasa mtu wa Dar au Mombasa akiona hayo majina kwenye YouTube atabonyeza Mwandishi kwanza kwa mahaba tu, na hapo ndo atapotea. Mwandishi ni albamu nzuri sana, mimi naipenda kwa moyo wote, ila sio fanki ya kucheza. Wimbo wa kwanza, "Ostinato", uliotolewa kwa heshima ya Angela Davis, mwanaharakati wa Wamarekani weusi, unazunguka kwenye mapigo 15, mguu wako utatafuta pa kukanyaga ukose, na baada ya hapo mambo yanazidi kuelea. Ihifadhi ya baadaye, ukishakuwa umeshiba. Upendo Ni Pamoja yenyewe ni rahisi zaidi kuingia, kuna "Slipping into Darkness" ya bendi ya War wameipiga kwa piano vizuri mno, ingawa kwangu bado ni Ramsey anayetafuta njia, hajaipata bado.

Basi tuje kwenye mapambano yenyewe, Head Hunters na Sun Goddess. Mwaka mmoja tu katikati yao, lebo moja Columbia, wapiga piano wawili wa Chicago, na zote ziliuza kuliko jazi ilivyozoea kuuza.

Herbie alifika kwenye Head Hunters akiwa amechoka kuruka juu mawinguni. Ile bendi ya majina ya Kiswahili ilikuwa inapendwa na wachache, gharama kubwa, vyombo vingi vya umeme vya kusafirisha, na yeye mwenyewe alikuwa anawasikiliza sana wakali wa fanki, Sly Stone na James Brown, akawa anataka kukanyaga ardhi. Akavunja bendi, akabaki na Bennie Maupin peke yake, akachukua Paul Jackson kwenye besi, Harvey Mason kwenye drams, Bill Summers kwenye ngoma na vyombo vidogo vidogo, wakarekodi San Francisco Septemba 1973. Nyimbo nne tu. Halafu sikiliza hili, kwenye bendi hiyo hakuna mpiga gitaa. Fanki bila gitaa! Kila unaposikia kitu kama gitaa kinakwaruza pembeni, mara nyingi ni Herbie kwenye clavinet, kinanda chenye nyuzi ndani yake ambacho ukikigonga kinatoa sauti kavu ya kukwaruza, au ni Paul Jackson anachezea besi yake juu kabisa kwenye noti nyembamba.

Weka "Chameleon" uone. Inaanza besi peke yake, na hiyo sio besi ya nyuzi, ni Herbie kwenye sinthesaiza ya ARP Odyssey, ule mstari mzito unaopanda kidogo kidogo afu unadondoka. Anaurudia. Drams zinaingia. Anaurudia. Kinaingia kile kikwaruzo upande mmoja wa spika, afu kingine upande wa pili, kila mtu kapewa kipande chake kidogo na hakiachi, na inachukua muda mzima kabla saksafoni haijaja na melodi yenyewe. Hivyo vipande vimeshonana kiasi kwamba ukikitoa kimoja nguo yote inafumuka. Wimbo una dakika zaidi ya 15 na kodi ni mbili tu kwa sehemu kubwa, mtu wa kawaida anaweza kusema hii itachosha, ila aliyezoea sebene ya Kikongo hatosema hivyo hata siku moja, maana anajua tayari kwamba kitu kikirudiwa vizuri utamu uko kwenye kurudia. Katikati ya wimbo wanabadilisha kabisa, kunatulia, Herbie anahamia kwenye Fender Rhodes, piano ya umeme, na hapo ndo unakumbuka kwamba huyu jamaa alikaa na Miles miaka mitano, vidole vinaongea lugha nyingine, mara paap wanarudi kwenye besi ile ile.

Wimbo wa pili ni "Watermelon Man", wimbo wake wa 1962 kaupiga upya, na mwanzo wake Bill Summers anapuliza chupa ya bia akibadilishana na sauti yake mwenyewe, ameiga namna ya wawindaji wa Ba-Benzélé wa misitu ya Afrika ya Kati wanavyopuliza filimbi ya noti moja na kuimba kwa kupokezana. Ukifananisha hii na ile ya 1962 ni kama nyimbo mbili tofauti, ya kwanza inatembea imevaa suti, hii ya pili imevua viatu. "Sly" ni heshima kwa Sly Stone, haraka, inahitaji sikio lililozoea. "Vein Melter" ya mwisho ni polepole, giza, wengine wanairuka, mimi siiruki ila sitamlaumu anayeiruka. Hiyo albamu baadaye ilipata platinamu Marekani, yaani mauzo ya nakala milioni moja, na ni haki yake.

Sun Goddess imezaliwa kwa njia tofauti kabisa. Maurice White baada ya kumuacha Ramsey 1969 alienda kujenga Earth, Wind & Fire, na kufika 1974 walikuwa wanapanda kwa kasi. Akamkumbuka bosi wake wa zamani. Akaenda na watu wake, Philip Bailey, Verdine White kwenye besi, Johnny Graham kwenye gitaa, Don Myrick kwenye saksafoni, wakamrekodia Ramsey nyimbo mbili, "Hot Dawgit" na "Sun Goddess". Iliyotegemewa kuwa moto ni "Hot Dawgit", fupi, ina maneno, ya redio. Iliyobeba kila kitu ni ile nyingine, zaidi ya dakika 8, haina maneno.

Sikiliza inavyoanza, gitaa linapigwa kodi laini za kupepea, safi kabisa, besi inakaa chini haina papara, na sauti zinaingia juu zinaimba bila maneno, Bailey na ile sauti yake nyembamba. Mdundo wa "Chameleon" umekaza, huu umelegea, una hewa. Ramsey anaingia na Fender Rhodes na hana haraka yoyote. Rhodes ndani yake kuna nyundo zinazogonga vijiti vya chuma, afu sauti inachukuliwa kwa umeme kama gitaa, ukigonga taratibu inalia kama kengele, ukigonga kwa nguvu inabweka. Herbie anapenda ibweke. Ramsey anaiacha ilie kama kengele, anapiga sentensi fupi, ananyamaza, anaacha sauti za akina Bailey zimjibu, anaongea tena. Kanisa lile lile. Yule baba yake mwenye kwaya yuko humo ndani, na ndo maana nasema wimbo mmoja mmoja hakuna wa Herbie unaoufikia huu kwa kukugusa. Saksafoni ya Myrick inapokuja inapandisha kidogo tu, hakuna anayemzidi mwenzake sauti.

Lakini albamu kama albamu, lazima niseme ukweli, haijasimama yote sawasawa. Nyimbo ziko 7 na mbili za Maurice ziko mbali sana na zinazobaki. "Living for the City" ya Stevie Wonder wameipiga, sio mbaya, ila ule wimbo unaishi kwenye maneno na hasira ya Stevie, ukitoa maneno unabaki na nusu yake. "Jungle Strut" ina sinthesaiza za ajabu ajabu, kuna siku inanoga kuna siku inaudhi. "Tambura" iko poa. Yaani ni albamu ambayo utaiweka kwa ajili ya wimbo wa kwanza, utakaa kwa adabu kwenye inayofuata, utachangamka tena kwenye "Hot Dawgit". Pamoja na hayo iliingia kwenye 20 bora ya chati ya pop na ikaongoza chati ya soul, kwa hiyo watu wa wakati ule walimuelewa vizuri tu.

Kwenye Head Hunters kinyume chake, hakuna wimbo unaosimama peke yake ukakuliza, ila dakika zote 40 na ushee zinaongea lugha moja kwa sababu ni bendi moja, chumba kimoja, wazo moja. Ramsey kwenye Sun Goddess ni kama ana bendi mbili, yake na ya Maurice, na unaisikia mipaka.

Wanaopiga vyombo wenyewe nawashauri tofauti kidogo. Kama unapiga kibodi kanisani au kwenye bendi ya harusi na unataka kujifunza kitu cha kutumia Jumapili hii, msikilize Ramsey, mikono yake inafuatika, unaweza kukaa na "Wade in the Water" na piano ukatoa kodi moja moja, na utajifunza kunyamaza, ambako wapiga kibodi wengi wa siku hizi hawajui, wanajaza kila nafasi mpaka mwimbaji anakosa pa kupumulia. Herbie atakuvunja moyo mwanzoni. Ila kama unapiga besi au drams usipoteze muda, nenda Herbie, na hapo hata Head Hunters uivuke ufike Thrust ya 1974. Harvey Mason aliondoka akaja Mike Clark kwenye drams, na wimbo wa "Actual Proof" humo, yeye na Paul Jackson wanavyokatiana na kukwepana bila kugongana, nadhani ndo fanki ngumu kuliko zote alizowahi kurekodi Herbie. Thrust pia ina "Butterfly", polepole, laini, na hiyo ndo sehemu pekee ambapo Herbie wa kipindi hiki anamkaribia Ramsey kwa upole. Mtu akiniambia amependa "Sun Goddess" anataka kusogea kwa Herbie bila kustuka, namwambia apitie "Butterfly", sio "Chameleon".

Wa hip-hop mnaweza kuingilia dirishani. Ile "Cantaloop" ya kundi la Us3 ya mwanzoni mwa miaka ya 90 imetoka kwenye "Cantaloupe Island" ya Herbie ya miaka ya 60, na besi ya "Groove Is in the Heart" ya Deee-Lite imechukuliwa kwake pia. Mtu akishagundua kwamba alikuwa anamsikiliza Herbie miaka yote bila kujua, ukubwa wa kazi hauogopeshi tena.

Baada ya hizo albamu mbili njia zao zinaachana na hapa uchaguzi unakuwa rahisi. Herbie anaendelea kubadilika kila miaka michache, Man-Child ya 1975 sasa magitaa yamerudi mengi, 1978 anaimba kupitia voukoda, mashine inayoifanya sauti ya mtu iwe kama ya roboti, kwenye Sunlight, 1983 anatoa "Rockit" ile ya kuskrachi santuri, na katikati ya hayo yote anarudi kwenye piano ya kawaida kama hakuna kilichotokea. Ukimchagua Herbie umechagua safari ndefu yenye vituo visivyofanana, na utakutana na kituo usichokipenda, usishangae. Ramsey habadiliki hivyo. Mwaka 1976 alirudi kwa Maurice na Charles Stepney, mpangaji muziki wa Chicago aliyekuwa naye tangu enzi za Chess, wakatoa Salongo, jina ambalo wazee wa Zaire wanalikumbuka kwa kazi za lazima za Mobutu, na humo kuna "Brazilica" ambayo napendekeza sana. Stepney akafariki mwaka huohuo na kwa sikio langu fanki ya Ramsey haikurudi tena kwenye ule uzito, baadaye akaelekea kwenye jazi laini ya redio, akawa na kipindi chake cha redio Chicago, akaheshimika, ila mwenye kutafuta fanki asihangaike sana na Ramsey wa miaka ya 80. Atafute Ramsey wa nyuma, 1965 mpaka 1977, kuna mali huko, ikiwemo Mother Nature's Son ya 1968 ambapo yeye na Stepney walizichukua nyimbo za Beatles wakazivalisha okestra nzima.

Kuna wa tatu nimtaje haraka kwa wale ambao hawa wawili wote hawajawakaa: Les McCann. Kama unataka maneno, unataka mtu anayepiga piano huku anasema jambo, tafuta "Compared to What", laivu Montreux, Uswisi, 1969, yeye na Eddie Harris wa saksafoni, wimbo wa hasira kuhusu vita ya Vietnam na unafiki wa wakubwa, na bendi inachemka kama haijawahi kupangwa kabla. Ana kanisa la Ramsey na uchokozi ambao Ramsey hana.

Mambo machache ya vitendo kabla hujabonyeza. Hii miziki yote miwili usiipime kwa spika ya simu, besi ya "Chameleon" kwenye simu inageuka mlio wa nyuki, na Rhodes ya Ramsey inakuwa kama ringtone, tafuta hata earphone za bei ya chini. "Chameleon" kuna toleo fupi la redio la kama dakika tatu, liache, tafuta la dakika 15. "Sun Goddess" kuna ya Earth, Wind & Fire wenyewe laivu kwenye Gratitude ya 1975, kali sana kwa namna yake, saksafoni inapanda mpaka basi, ila Ramsey hayumo, kwa hiyo angalia jina kabla hujasema umemsikiliza. Na "The 'In' Crowd" mwaka 1973 Ramsey aliirudia studio pamoja na nyimbo zake nyingine za zamani akiwa Columbia, ukikuta haina kelele za watu ujue umebonyeza hiyo, rudi utafute ya Bohemian Caverns.